Farumi ya Mwanasesere

Mezani kwangu upo mswada wa tafsiri ya kitabu kidogo cha watoto, kurasa thelathini na mbili pamoja na picha, ambao ulipasa kurejeshwa kwa mchapishaji tangu kabla ya Ramadhani. Kilichoukwamisha si sentensi ngumu wala beti zilizokataa vina. Ni jina la kitu kimoja tu: mwanasesere mnene asiye na miguu, mwenye kitako cha mviringo, ambaye mtoto humsukuma kwa kidole akalala chali, kisha akainuka mwenyewe, akayumba huku na huku, akatulia wima kama kwamba hapakutokea jambo. Lugha nyingi za dunia zimempa jina. Sisi hatukumpa. Nimepekua kamusi zote nilizo nazo, na mtu wa aina yangu, aliyejifunza kazi hii kwa kamusi na si kwa chuo, huwa nazo nyingi, lakini sikuambulia kitu.

Mara ya kwanza niliandika "Asiyeanguka". Niliridhika nalo, lina sauti nzuri, lina hata harufu ya utenzi. Nikamsomea mjukuu wangu wa miaka sita, ambaye ndiye mhariri wangu wa kwanza na mkali kuliko wote. Alisikiliza hadi ukurasa wa tano, akaweka kidole juu ya picha.

"Lakini Babu, si ameanguka hapa?"

"Ameanguka, ndiyo, lakini ataamka."

"Basi si anaanguka!"

Sikuwa na jibu. Makala haya yanahusu kosa hilo, kwa sababu nimegundua kwamba si la tafsiri hii peke yake, wala si langu peke yangu. Limo katika mashairi yetu, tena katika yale tunayoyapenda.

Nianze na habari ya kwetu. Nilizaliwa Mbeya mwaka 1969, mwaka mmoja kabla ya ujenzi wa reli ya TAZARA kuanza. Msomaji wa visiwani anaijua reli hiyo kwa sifa zake kubwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, lakini huenda hajui ilivyoingia majumbani mwetu. Katika makubaliano ya mkopo wa China, sehemu ya gharama za ujenzi zilizolipwa humu nchini ilitokana na kuuza bidhaa za Kichina. Hivyo reli ilitufikia kwanza kama bidhaa, kabla ya kutufikia kama gari-moshi: mabeseni ya enameli, chupa za chai zenye maua mekundu, kalamu, taulo, tochi, cherehani. Watu wa Unguja hawahitaji kusimuliwa vitu hivyo, kwani na wao walikuwa navyo. Miongoni mwa vitu vilivyokuja nyumbani kwetu, nadhani mwaka 1975, baba alileta mwanasesere wa plastiki mwenye mashavu mekundu na kikengele tumboni. Alikuwa zawadi ya dada yangu, lakini kwa muda wa wiki moja hakuna aliyemwacha, hata baba mwenyewe, aliyekuwa akimpiga kikumbo kwa kidole cha mguu kila alipopita.

Nyumbani tulimwita Mchina. Si jina la kejeli. Ndivyo tulivyoita kila kilichotoka huko, pamoja na baiskeli. Disemba ile tulisafiri kwenda Iringa kwa baba mdogo, kwa basi, siku nzima barabarani, Mchina akiwa mapajani mwa dada akilia kengele kwenye kila shimo. Ilikuwa ni masika ya kule, na masika ya Iringa ni msimu wa ulanzi, pombe inayogemwa kutoka katika mianzi michanga. Wazee walikuwa wakirudi jioni njiani wakiyumba, mmoja akiinama karibu na ardhi, akijizuia, akisimama, akisalimia kwa adabu kuliko alivyowahi kusalimia asubuhi. Binamu zangu walipomwona mwanasesere wetu akicheza sakafuni hawakufikiri hata kidogo. "Mlevi!" walipiga kelele wote pamoja. Tangu siku hiyo tulikuwa na majina mawili, la Mbeya na la Iringa, na tuligombana juu ya lipi ni la haki.

Leo, nikiyapima majina hayo kwa jicho la mfasiri, naona kuwa Iringa walishinda. Jina letu la Mbeya lilisema kitu kimetoka wapi. Jina lao lilisema kinafanya nini. Tena, bila ya kujua, binamu zangu walikuwa wakiifuata lugha katika mkondo wake yenyewe. Kiswahili kina kitenzi lewalewa, yaani kuyumba huku na huku kama chombo katika mawimbi, na asili yake ni kulewa kwa pombe. Mabaharia waliotangulia walitazama dau likicheza nangani wakaona mlevi. Watoto wa Iringa walimtazama mwanasesere wakaona mlevi. Na huko China kwenyewe, katika enzi ya Tang (618–907), palikuwa na kinyago cha mbao katika meza za mvinyo, kilichozungushwa kikayumba, na yule kiliyemwelekea akalazimika kunywa. Wengi wanakihesabu kinyago hicho kuwa babu wa mwanasesere huyu. Kwa hiyo ulevi umo katika nasaba yake, na binamu zangu walimtambua kwa uso.

Hata hivyo "Mlevi" halifai, na sababu si kwamba mchapishaji wa vitabu vya watoto atalikataa, ingawa atalikataa. Mlevi huyumba, lakini usiku ukiwa mrefu huishia mtaroni. Jina linashika mwendo na kuacha mwisho.

Niliangalia basi wenzetu walifanyaje. Nilipoyapanga majina yao yakajigawa yenyewe makundi mawili, na mpaka ulipita palepale alipoweka kidole mjukuu wangu. Kundi moja linasema kitu hiki hakianguki. Wachina humwita mzee asiyeanguka. Warusi wa leo humwita nevalyashka, ambalo ningelifasiri "asiyegaagaa". Mwanasesere wao maarufu, msichana mwekundu wa macho makubwa, alianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kiwanda cha baruti cha Kotovsk, mkoani Tambov, na sijui kama kuna kiwanda cha baruti kilichowahi kufanya kazi ya heshima zaidi. Kundi la pili linasema kitu hiki huinuka. Wajapani wa Aizu wanaye mtawa mdogo ainukaye. Kila mwezi wa Januari familia hununua idadi ya watu wa nyumba na mmoja zaidi, nao huwabwaga kwanza juu ya meza ya muuzaji ili kuwachagua walio wepesi wa kusimama. Wajerumani wana kijitu-inuka. Warusi wale wale, kwa jina lao la zamani, walikuwa na Vanka-Vstanka, kana kwamba kusema "Ivan, hebu simama". Waisraeli wana Nahumu-utainuka, na kwao majina hayo mawili yana kina, jambo linalonitia wivu.

Wengine wako nje ya makundi haya. Wabrazili wanamwita Yohana mjinga, na Wafaransa walichukua neno la Kichina la mtakatifu wa Kibuda wakalifanya jina la mtu yeyote mwenye kitambi. Hao tuwaache.

Tofauti ya makundi hayo mawili yaonekana ndogo, nami niliipuuza nilipoandika "Asiyeanguka". Lakini ni tofauti kati ya kukanusha na kusimulia. Asiyeanguka hana habari, hakuna lililompata. Ainukaye ana kisa, kwa sababu ili ainuke lazima awe amekwenda chini kwanza. Lugha yetu inaijua mipaka hii vizuri mno: tuna kuteleza, kuyumba, kupepesuka, kutetereka, kuwayawaya, kuanguka, kulala, na tunayo methali ya kututahadharisha kwamba kuteleza si kuanguka. Mwandishi aliye na vitenzi vyote hivyo mkononi hana udhuru wa kuvichanganya.

Nao Wachina wenyewe, wenye jina la ukanushaji, hawakulichukulia kuwa sifa tupu. Mchoraji Qi Baishi (1864–1957) alimchora mzee asiyeanguka mara kadhaa, akamvika kofia nyeusi ya ofisa, akampa kipepeo mkononi na pua nyeupe ya mchekeshaji wa jukwaani. Maneno aliyoyaandika pembeni ni dhihaka kwa kiongozi ambaye ukimvunja hukuti ndani chochote cha kiutu. Huyo ndiye asiyeanguka: si shujaa, ni mkubwa wa ofisi anayesalia kitini serikali ikija na serikali ikiondoka. Nilipoziona picha hizo kwa mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza, nikakumbuka shairi langu.

Naam, nalo lazima nilitaje. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiandika kwa hamasa ya mtu ambaye hajasahihishwa. Tulikuwa tumetoka katika miaka ya themanini, na kila mwenye umri wangu anaikumbuka: vita vya Uganda vilivyokwisha mwaka 1979 na kutuachia madeni, foleni za sukari na sabuni, kampeni ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 ambayo iliwafanya watu watupe bidhaa zao vichakani usiku. Baba alifariki mwaka 1986. Mama alitusomesha kwa kuuza viazi katika soko la Mwanjelwa. Nikatunga shairi refu la tarbia ambalo ndani yake mama, na nyuma yake taifa zima, alikuwa yule mwanasesere wetu wa utotoni: dhiki inamsukuma, anainama, anasimama; ukame unamsukuma, anainama, anasimama. Lilisifiwa. Wengine waliniambia limewatoa machozi. Nikapanda basi kwenda nyumbani, nikamsomea mama mwenyewe, jioni, yeye akiwa amekaa juu ya kigoda akichambua viazi vilivyooza na kuvitenga.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mama hakuwa mtu wa kumkatiza msemaji. Kisha akasema: "Mwanangu, huyo mwanasesere wenu mimi nilimwona tumbo siku kaka yako alipompasua. Mlikuwa na chuma. Mimi umeniona nina chuma?" Akaendelea na viazi vyake.

Lazima nieleze habari ya kupasuliwa. Kaka yangu, mwaka ule ule wa 1975 au uliofuata, alichukua kisu cha jikoni ili aone kinachomwamsha Mchina. Ndani palikuwa na kikengele na, chini kabisa, kipande cha chuma kizito kilichogandishwa kitakoni. Alikitoa ili akichezee. Tulipolirudisha lile ganda sakafuni na kulisukuma, lilianguka ubavu, likabaki hivyo. Dada alilia siku mbili. Hakuna uchawi hapo: kitako ni nusu ya tufe, na uzito wote uko chini ya kitovu cha tufe hilo, hivyo kila ukimlaza unalazimika kuupandisha ule uzito, nao hutaka kushuka mahali pake. Anayeinuka si mwanasesere; ni uzito unaorudi chini. Mwanasesere anabebwa tu.

Ndiyo maana neno la mama ndilo uhakiki bora kuliko wote niliowahi kupata, nami nimehakikiwa na watu wenye shahada. Shairi langu lilimsifu kwa kuinuka, likasahau kuuliza ni kitu gani kilimwinua. Alikuwa na shamba la nusu ekari Uyole, alilogawana na dada yake. Alikuwa na mwenye duka mmoja aliyemkopesha mafuta ya taa. Alikuwa na sisi tuliobeba magunia. Hayo ndiyo yaliyokuwa kitakoni. Kama yangetolewa angelala ubavu kama Mchina wetu, na hakuna tarbia ambayo ingemsimamisha. Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu kidogo kwa mashairi ya ustahimilivu, na yanayopita mikononi mwangu kila mwaka si machache. Ndani yake kuna bibi ambaye hachoki, kijiji ambacho hakifi, mwanamke ambaye hukumbwa na kila janga na kusimama tena mwishoni mwa kila ubeti, kwa kuwa kituo cha shairi kinamtaka asimame. Fani inafanya kazi ya chuma, na mtunzi anadhani ni moyo wa mhusika. Tamaa ya kumbukumbu inazidisha kosa: tukiwa mbali na utoto wetu kwa miaka arobaini na zaidi, tunaukumbuka mwendo wa kile kitu, kengele yake, mashavu yake, lakini kipande cha chuma hatukikumbuki, kwa sababu wengi wetu hatukuwahi kukiona. Mimi nilikiona na bado nikaandika lile shairi.

Rafiki yangu mmoja mwalimu wa hesabu, nilipomweleza haya, alinipinga. Alisema lipo umbo ambalo huinuka bila ya uzito wowote uliofichwa, na ni kweli: Wahungaria wawili, Gábor Domokos na Péter Várkonyi, walilitengeneza mwaka 2006 wakijibu swali la Mrusi Vladimir Arnold la mwaka 1995. Linaitwa gömböc. Limejaa kitu kimoja ndani, halina upande mzito wala mwepesi, na bado kila likilazwa hujirudisha katika mkao mmoja kwa nguvu ya umbo lake peke yake. Wataalamu hao hao wakaenda kuwatazama kobe wenye gamba lililonyanyuka sana, wakaona kuwa nao hujipindua kwa msaada wa umbo namna hiyo. Nilivutiwa. Lakini rafiki yangu alinieleza pia kuwa umbo hilo hutaka kuchongwa kwa uangalifu mkubwa mno, na kosa dogo tu hulivunjia sifa yake. Mama hakuchongwa hivyo. Hakuna niliyemjua aliyechongwa hivyo.

Nirudi kwenye jina, maana mswada unangoja.

Niliposhindwa na vitabu nilijiuliza kama kweli watu wa kwetu hawakukijua kitu hiki kabla ya reli. Mwanasesere wa plastiki hawakumjua. Watoto wa kike walibeba magunzi ya mahindi mgongoni. Ila siri yake waliijua. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, Matema na Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo hupakiwa mitumbwini na kuuzwa hadi mbali. Mbeya mjini tulivinunua sokoni. Chungu cha Kikisi kina kitako cha mviringo. Hukaa vizuri juu ya mafiga, na kichwani hukaa juu ya ngata, lakini kiweke sakafuni kikiwa kitupu, ukiguse, kitacheza. Kibuyu nacho ni hivyo hivyo. Bibi yangu alikuwa na kibuyu cha togwa ambacho kikiwa kitupu kililala, na akitia togwa vikombe viwili kilisimama wima kikayumba ukikigusa. Sisi watoto tulikisukuma kwa kidole tukapigwa makofi. Huo ndio mchezo wenyewe. Bibi alikuwa akiusimamia kila siku bila ya kuuita mchezo, na hakumwagika tone. Visiwani mnacho kifuu cha nazi, nacho ukikiweka juu ya mgongo wake kikaguswa hufanya kazi ile ile.

Bali visiwa vina zaidi ya kifuu, vina neno, nami nilichelewa kuliona ingawa nimeishi Unguja kwa miaka ishirini. Jahazi lisilo na shehena ya kutosha hutiwa mawe au mchanga chini kabisa, ili upepo ukililaza lirudi. Vitu hivyo huitwa farumi. Kaka yangu angetaka neno hilo alipokuwa ameshika kile kipande cha chuma, sote tungelitaka, bara hatukuwa nalo. Katika kitabu ninachokifasiri kuna sentensi moja, ukurasa wa ishirini na sita, ambapo fundi wa wanasesere anamwonyesha mtoto uzito uliofichwa, na mwandishi wa asili alitumia maneno manne kuueleza. Mimi nimeweka moja.

Na jina? Nimejiunga na kundi la waliosema huinuka, nikatafuta jina la mtu badala ya sifa, kama Ivan na Nahumu. Nikalikuta kwetu, limekuwapo siku zote. Mwinuka ni jina la ukoo linalosikika sana upande wa Njombe, na Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012. Lina historia yake katika Kibena ambayo mimi siigusi. Nasema tu kwamba sikio la Kiswahili likilisikia halina budi kusikia ainukaye. Niliposoma na akina Mwinuka darasani tuliliita kila asubuhi katika orodha bila ya kulisikia. Sasa mwanasesere wangu ni Bwana Mwinuka. Mjukuu amelikubali baada ya kuhakikisha, ukurasa hadi ukurasa, kwamba kila anapoinuka alikuwa ameanguka kwanza.

Juzi nilipata kurasa za majaribio kutoka kwa mchapishaji. "Mwinuka" limepita. Kwenye ukurasa wa ishirini na sita neno "farumi" limezungushiwa duara jekundu, na pembeni pameandikwa kwamba watoto wa bara hawatalielewa, liwekwe "kitu kizito". Nimeandika chini yake kwa penseli kwamba picha inakionyesha kitu chenyewe mkononi mwa fundi, na kwamba neno libaki. Kesho nazipeleka posta.